Msuli Usiojua Uvute Wapi

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie uchapaji wa misuli hai, yaani kuijenga kwa printa inayotumia seli badala ya wino wa kawaida, kwa msaada wa sumaku. Niseme mapema kwamba kuchapa umbo la msuli si mtihani mkubwa tena. Mwaka 2016 kikundi cha mtafiti Anthony Atala, kule Chuo Kikuu cha Wake Forest nchini Marekani, kilionyesha printa iliyojenga sikio, mfupa na msuli kwa seli hai. Mtihani uko kwenye mwelekeo.

Msuli unaokuinulia mkono ni nyuzi zilizolala sambamba. Kila uzi umetokana na seli changa nyingi zilizoungana zikawa seli moja ndefu yenye viini vingi. Ukizimwaga seli hizo ndani ya jeli bila mpango, kuungana zitaungana, lakini kila uzi utashika njia yake. Ni kama kuvuta kamba huku kila mchezaji ana kamba yake na anavutia anakotaka: jasho litatoka, ila hakuna kitakachosogea.

Printa yenyewe inasaidia kiasi. Wino wake, yaani jeli ya jelatini au kolajeni (protini ya mwili inayounda nyuzi) iliyochanganywa na seli, hupita kwenye tundu jembamba la sindano, na ule mkondo hulaza seli na nyuzi upande mmoja. Ukilifanya tundu kuwa jembamba zaidi mpangilio unanyooka, lakini seli nazo zinaumia na nyingine zinakufa. Sumaku ina faida hapa kwa sababu inavuta bila kugusa.

Unachanganya chembe ndogo mno za oksidi ya chuma kwenye wino, kisha unaweka sumaku kabla jeli haijaganda. Chembe zinajipanga minyororo, zinazikokota nyuzi za kolajeni, jeli inaganda na mpangilio unabaki. Seli zikianza kutambaa hufuata njia hiyo hiyo. Bila shaka, chembe zikizidi hushikana mabonge na sindano inaziba. Kuzibua sindano ni sehemu ya kazi hii ambayo ripoti za kisayansi hazina haja ya kuisimulia.

Mimi navutiwa zaidi na njia nyingine, ya kuufanyisha msuli mazoezi. Mwaka 2023 mhandisi Ritu Raman na wenzake wa MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, walichanganya chembe za sumaku na silikoni inayonyumbuka kama mpira, wakakata vipande vyembamba, wakavifunika kati ya matabaka mawili ya jeli. Juu yake wakaotesha seli za msuli. Chini ya sahani ya maabara iliyobeba jeli hiyo, sumaku ikawa inakwenda na kurudi. Jeli inatikisika, seli zinanyooshwa. Dakika 30 kwa siku, siku 10. Seli hizo zilikuwa zimebadilishwa vinasaba ili zijikunje zikimulikwa mwanga wa buluu. Walipozimulika, nyuzi zilizofanya mazoezi zilikuwa zimelala upande mmoja na zikajikunja kwa pamoja. Zile zilizoachwa zipumzike zilitetemeka ovyo. Tofauti ilikuwa kuvutwa tu.

Sasa msikimbilie kudhani kesho tutachapa paja. Seli iliyo mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya mikromita 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya milimita, hukosa oksijeni, kwa hiyo kipande kinene hufa kutoka katikati. Msuli usio na neva nao hunyauka hata ukiwa mzuri namna gani. Ndiyo maana naona matumizi ya karibu ni kujaribia dawa za magonjwa ya misuli kwenye sahani, si kupandikiza.

Na chuma je? Mwili unajua kukivunja na kukitumia, na tayari kuna dawa ya upungufu wa damu iliyotengenezwa kwa oksidi ya chuma. Ila mgonjwa akienda kupigwa picha ya MRI, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwa sumaku kali, chembe hizo huacha doa jeusi. Daktari anayetaka kuona kama pandikizi lilipo ndipo lilipowekwa atalifurahia doa hilo, na anayetaka kuona hali ya tishu iliyo chini yake atalilaani.

Karibuni kwa maswali.