Mlenda, Umeme na Uzi Usioonekana

Mbukwenyi! Habari za jioni, ndugu zangu. Naona wanafunzi wa sekondari mmejaza viti vyote vya nyuma, karibuni sana.

Nianze na mlenda. Nani hapa Dodoma hajala mlenda? Ukichovya tonge ukaliinua, uzi unalifuata kutoka bakulini mpaka mdomoni. Maji matupu hayafanyi hivyo. Mlenda unavutika kwa sababu ndani yake mna molekuli ndefu mno, zimezongana, ukivuta moja inaburuta wenzake. Molekuli ndefu za namna hiyo ndizo polima. Kazi yangu maabara ni kuvuta uzi kama ule, ila kinachovuta ni umeme.

Tunajaza polima iliyoyeyushwa kwenye bomba la sindano, hili la hospitali. Sindano tunaipa umeme wa volti kama 15,000, na sentimita 15 mbele yake tunasimamisha foili iliyounganishwa na ardhi. Tone linachungulia kwenye ncha. Chaji zilizolijaa zinasukumana, tone linajikaza libaki duara, halafu linashindwa: linachongoka, na kwenye ncha yake kinachomoka kijiuzi. Hewani kinachapwa huku na huku kama mjeledi, kinarefuka, kiyeyushi kinakauka, kinatua kwenye foili kikiwa na unene wa nanomita 350 hivi. Laza nyuzi 200 za namna hiyo bega kwa bega, ndipo utapata upana wa unywele mmoja.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1600 William Gilbert aliona kaharabu, ule utomvu wa mti uliogeuka jiwe, ikisuguliwa inalichongoa tone la maji, na Anton Formhals alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuvuta nyuzi kwa umeme mwaka 1934.

Sasa, plastiki na umeme wapi na wapi? Si ndiyo tunayovalisha nyaya zisituue? Hapa kuna kisa ninachokipenda. Kule Tokyo, miaka ya 1960, katika maabara alikofanya kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni akitengeneza plastiki iitwayo poliasetilini alikosea kipimo, akaweka kichocheo, yaani dawa ya kuharakisha mmenyuko, mara 1,000 ya kinachotakiwa. Badala ya unga mweusi ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Shirakawa hakuutupa. Mwaka 1977, yeye na Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliupitishia mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda karibu mara milioni 10. Mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Iodini ilifanya nini? Fikirieni daladala iliyoshona, hakuna anayeweza kusogea. Abiria mmoja akishuka, nafasi inapatikana, wengine wanasogea. Iodini ndiyo iliyomshusha abiria, na abiria ni elektroni.

Sisi tunatumia polianilini, polima nyingine inayopitisha umeme, ya kijani. Molekuli zake ni ngumu, hazivutiki zenyewe, kwa hiyo tunaichanganya na polima nyingine inayovutika kama mlenda. Lakini hiyo nyingine haipitishi umeme, ukizidisha umeharibu. Na mtu asiwadanganye kwamba nyuzi hizi zitachukua nafasi ya shaba. Haziikaribii hata kidogo.

Faida yake ni wembamba. Kwa uzito uleule, uzi mwembamba mara 100 una eneo la nje mara 100. Karibu kila molekuli inakuwa jirani ya hewa. Wafugaji mliopo mnisikilize hapa. Kwenye banda la kuku, amonia inatoka kwenye matandiko, chini kabisa, kifaranga anapopumulia. Wewe umesimama, na pua yako imeshazoea. Amonia ikigusa polianilini inaipokonya protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, rangi inaelekea bluu, na umeme unapita kwa shida. Mita rahisi inaliona hilo. Hewa ikisafika, nyuzi zinarudi karibu na zilivyokuwa. Nimeziweka kwenye banda la nyumbani kwangu na nimeona sindano ya mita ikishuka kabla sijasikia harufu yoyote. Nakiri, unyevu nao unatikisa kipimo, na hapo ndipo tunapohangaika.

Unyevu umenitesa hata kwenye kuvuta. Februari moja, mvua za hapa zimekolea, nilivuta siku tatu nikapata shanga tupu: uzi wenye vinundu, kijiuzi hakikukauka njiani. Juni ilipofika, mchanganyiko uleule ukatoa nyuzi laini kabisa. Ule ukavu wetu, unaofanya blanketi litoe cheche usiku ukilivuta, ni mali. Wenzetu wa pwani wanapaswa kununua mashine ya kukausha hewa. Sisi tunafungua dirisha miezi saba.

Mama wa hapa mbele ameuliza kama vijana wanaweza kujaribu nyumbani. Hapana, mama. Ule umeme si wa kuchezea, na mvuke wa klorofomu tunayoyeyushia unadhuru. Ila maabara yetu ipo wazi kwao.

Napitisha foili hii, anzeni kulia. Huo ukungu wa kijani juu yake ndio nyuzi zenyewe. Msiziguse kwa kidole, zinang'oka. Zitazameni tu taratibu.