Mkalimani Yuko Wapi?

Mhadhara kwa wasaidizi wa kisheria, malaigwanani (viongozi wa jadi wa Kimaasai) na polisi kata, Arusha

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wasaidizi wa kisheria, na maafande mliokuja kutoka kwenye kata, habari za asubuhi.

Nimepewa mada pana: uhusiano wa polisi na jamii za pembezoni katika mkoa huu. Najua wengi mnataka nianzie Loliondo. Sitaanzia huko. Ya Juni 2022 mnayajua: vigingi vya mpaka wa eneo la wanyamapori, kilomita za mraba 1,500, askari polisi aliyeuawa, watu zaidi ya 20 walioshtakiwa kwa mauaji wakaachiwa Novemba mwaka huohuo mashtaka yalipoondolewa. Kila aliyemo humu ana upande wake, na tukiingia huko saa moja niliyopewa itaisha tunabishana. Nataka nizungumzie jambo dogo ambalo halitangazwi redioni. Mtu asiyekimudu Kiswahili anaketishwa mbele ya mpelelezi, anaandikiwa kwa Kiswahili maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa, anaweka dole gumba. Chuki nyingi mnayoisikia huko kwenye maboma inaanzia kwenye meza hiyo.

Sheria haina utata hapa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, msikariri namba za vifungu, karirini maneno yake. Kabla ya swali la kwanza, askari lazima ataje jina lake na cheo chake. Lazima amweleze aliyekamatwa, kwa lugha anayoimudu, kwa maandishi na ikiwezekana kwa mdomo pia, kwamba yuko chini ya ulinzi na ni kwa kosa gani. Kisha ampe onyo: hulazimiki kujibu swali lolote, lakini ukijibu au ukisema lolote, linaweza kutumika kama ushahidi. Nasema tena: kwa lugha anayoimudu. Sheria haikusema kwa lugha ya taifa, wala kwa lugha anayoimudu askari.

Hapo naambiwa, na naambiwa kila mara: "Mbona mnadani anauza ng'ombe kwa Kiswahili?" Ndiyo, anauza. Anajua kutaja bei, kukataa bei, kuhesabu pesa na kuaga. Je, anajua tofauti ya kuwepo mahali na kushiriki? Ya kuokota na kuiba? Ya kukutwa na kitu na kumiliki kitu? Kesi za jinai zinasimama juu ya tofauti hizo, na mtu anaweza kufanya biashara miaka ishirini bila kulazimika kuzieleza kwa Kiswahili hata mara moja. Acheni hoja ya mnada. Inachosha, na haijibu kitu.

Sasa nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Chukueni swali hili: "Wewe hukumwona mwenzako akiingia zizini?" Kijana anajibu, "Ndiyo." Kwa jinsi wengi wetu tunavyojibu, amesema: ni kweli, sikumwona. Lakini maelezo ya onyo mara nyingi hayaandikwi kwa mfumo wa swali na jibu. Yanaandikwa kama masimulizi ya mtuhumiwa mwenyewe, na kalamu iko mkononi mwa mpelelezi. Swali linapotea, jibu linabaki, na kwenye karatasi panasomeka: "Nilimwona mwenzangu akiingia zizini." Hakuna aliyedanganya. Mmoja alisema ndiyo na mwingine alisikia ndiyo. Miezi sita baadaye karatasi hiyo inasomwa mahakamani, kijana anasikia ametajwa kuwa shahidi wa wizi ambao hakuuona, na boma zima linaamini polisi walitunga.

Kuna na ndiyo ya pili, mbaya zaidi. Mtu asiyeelewa swali, aliyefundishwa kumheshimu mkubwa wake, aliyekaa ndani tangu alfajiri bila chakula, hujibu ndiyo kwa kila kitu ili mazungumzo yaishe. Hili si la Wamaasai peke yao, wala Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wala Wabarbaig. Australia walilikuta kwa wenyeji wao wa asili hadi mwaka 1976 Jaji Forster wa Mahakama Kuu ya Northern Territory, katika kesi ya Anunga, akawawekea polisi kanuni tisa za kuwahoji. Mkalimani awepo mtuhumiwa asipokimudu Kiingereza sawasawa. Awepo mtu anayemwamini. Asihojiwe akiwa mgonjwa, amelewa au amechoka. Apewe chakula na kinywaji. Asiulizwe swali lililobeba jibu lake ndani. Na iliyo muhimu kuliko zote: onyo lisisomwe tu, bali mtuhumiwa aombwe alirudie kwa maneno yake mwenyewe, kipande kwa kipande.

Kanuni hiyo ya mwisho inaweza kuanza kutumika Arusha leo mchana. Haihitaji bajeti. Ligaweni onyo vipande vitatu. Kwanza, halazimiki kujibu. Pili, akijibu linaandikwa. Tatu, lililoandikwa linaweza kusomwa mahakamani dhidi yake. Baada ya kila kipande, msimuulize "Umeelewa?" maana atasema ndiyo, tumeshaona. Muulizeni: "Nikikuuliza na wewe hutaki kujibu, kitatokea nini?" Aliyeelewa atasema hakuna kitakachotokea. Asiyeelewa atasema nitapigwa, au nitalala ndani. Akijibu hivyo, rudieni onyo upya. Na jibu lake liandikwe kama alivyolisema. Mstari huo mmoja una uzito mahakamani kuliko mihuri yote mnayoigonga.

Kisha angalieni lugha ya karatasi yenyewe. "Mnamo majira ya saa 2:00 usiku nikiwa maeneo ya nyumbani, nilishirikiana na wenzangu kwa nia ovu kuingia katika zizi tajwa hapo juu." Hicho ni Kiswahili cha mpelelezi. Mtu huyohuyo akipandishwa kizimbani anaomba mkalimani, na hakimu anampa. Wakili wa utetezi anabaki na swali moja tu: huyu asiyeweza kujibu mashtaka bila mkalimani, kurasa nne hizi alizitoa kwa lugha gani? Maafande, mjibuni.

Wapo watakaosema natetea wahalifu. Nisikilizeni vizuri. Aliyeibiwa ng'ombe kule Longido naye mara nyingi ni Mmaasai, na ni yeye anayepoteza. Maelezo yakipingwa, inaendeshwa kesi ndani ya kesi, yaani usikilizwaji mdogo wa kuamua kama yapokelewe, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari. Mahakama ya Rufani imeyafuta maelezo mengi ya onyo kwenye kumbukumbu kwa sababu tu yalichukuliwa nje ya muda wa kisheria. Yakifutwa na hakuna ushahidi mwingine, mshtakiwa anatoka. Aliyeibiwa anasema polisi wamekula rushwa, aliyeshtakiwa anasema polisi walimwonea, na wote wawili ni wa kijiji kimoja.

Muda, basi. Mahojiano yafanyike ndani ya saa nne tangu mtu awekwe chini ya ulinzi. "Saa nne nitampata wapi mkalimani?" Muda wa kumsafirisha kutoka alikokamatiwa kwenda kituoni kwa ajili ya upelelezi hauhesabiwi. Muda wa kumsubiri mtu ambaye sheria inataka awepo hauhesabiwi. Na saa nne zikiwa hazijaisha, ofisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa nane, na lazima amjulishe mtuhumiwa. Kinachoua kesi ni kutokuandika. Saa ya kukamatwa haimo, saa ya kufika kaunta haimo, saa ya kuanza mahojiano imefutwafutwa. Andikeni saa.

Mkalimani mwenyewe asiwe yeyote tu aliyeonekana karibu. Asiwe mlalamikaji wala ndugu yake. Asiwe mtuhumiwa mwenzake. Asiwe mtoto aliyekuja kuleta chakula. Asiwe askari wa timu ileile ya upelelezi, hata kama anaongea Kimaa, lugha ya Wamaasai, kama maji. Kila kata iwe na orodha ya watu sita, watatu wanawake, iliyokubaliwa na mtendaji wa kata, malaigwanani na mkuu wa kituo, na namba zao za simu zibandikwe kaunta. Mkaguzi kata, ofisa wa polisi aliyepangiwa kata hiyo, ndiye wa kuisimamia. Kule Karatu orodha iwe na Kihadzabe na Kidatoga, lugha ya Wabarbaig. Na kila mahali awepo mmoja wa lugha ya alama, maana kiziwi ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kwenye maelezo liandikwe jina la mkalimani, lugha, anakoishi, saa aliyoingia na kutoka, na sahihi yake. Atafsiri sentensi moja moja, asifanye muhtasari. Mkalimani anayesikiliza dakika tatu kisha akasema "anakataa" amemnyima mtu utetezi wake.

Maelezo yakimaliza kuandikwa, yasomwe. Asiyejua kusoma asomewe yote, aulizwe kama kuna la kusahihisha au kuongeza, aruhusiwe kusahihisha, ndipo atie sahihi au dole gumba, na askari aandike uthibitisho wa alichofanya. Kumsomea kwa Kiswahili mtu uliyemhoji kupitia mkalimani si kumsomea. Yanarudi kwa lugha yake. Na akipelekwa kwa mlinzi wa amani, ofisa mwenye mamlaka ya kuandika maungamo, ili aungame, utaratibu wa mkalimani ni uleule. Asifuatane na mpelelezi wake hadi ndani.

Naoneshwa kwamba muda unakwisha. Nilikuwa na sehemu ndefu juu ya ukamataji wa usiku, nitaipitia haraka. Gari linaloingia bomani saa 8 usiku bila kumtaarifu mtu halina tofauti, kwa moran, kijana wa Kimaasai anayelinda mifugo, na wezi. Atatoka na sime na rungu. Askari naye ataona anashambuliwa. Kama hakuna hatari ya mtu kutoroka au kuumizwa, nendeni kumepambazuka, mpitieni mwenyekiti wa kitongoji na laigwanani, na silaha za jadi azikusanye mzee, si askari. Mkipekua, awepo shahidi asiye upande wowote na itolewe stakabadhi ya kila kilichochukuliwa, iliyosainiwa na mwenye boma na mashahidi. Fedha zihesabiwe mbele yake. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto hata kama ameshatahiriwa na anaitwa moran. Mzazi au mlezi ajulishwe.

Wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, kwa hiyo msisimame getini. Mkifika kituoni ombeni kumwona mkuu wa kituo, mkiwa na kitambulisho. Ulizeni vitu vinne: amekamatwa saa ngapi, kwa kosa gani, amehojiwa kwa lugha gani, dhamana inasemaje. Ana jeraha? Ombeni PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali, siku hiyohiyo, kwani uvimbe haumsubiri daktari. Dhamana ya polisi hailipiwi. Kwa makosa yasiyo na adhabu ya kifo, asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24 swali la dhamana liulizwe kwa sauti. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, na malalamiko ya watu kukamatwa kabla upelelezi haujafika popote yamo humo. Isomeni na ninyi maafande, haikuandikwa kuwatukana.

La mwisho ni walinzi. Mji huu unalindwa usiku na vijana wa Kimaasai, kwenye maduka, shule na majumba. Kukitokea wizi, wa kwanza kuwekwa ndani ni mlinzi, na ndiye shahidi bora mliye naye. Wasaidizi wa kisheria, mkiitwa kwa kesi ya namna hiyo, kabla ya yote muulizeni mpelelezi: huyu ni shahidi au ni mtuhumiwa? Akisema shahidi, achukuliwe maelezo ya shahidi, kwa mkalimani, na arudi nyumbani. Hakuna sababu ya shahidi kulala mahabusu. Akisema mtuhumiwa, onyo litolewe sasa hivi, kwa Kimaa, na saa iandikwe.

Maswali. Tuanze na wazee.