Mwalimu na Mfongo

(Mhadhara kwa walimu wanachuo, Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanachuo, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mwalimu wa kijijini. Nimemchagua mmoja, mama aliyenifundisha hesabu huko juu Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Yupo, amestaafu, na ameniomba nisimtaje jina. Kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama kijiji kizima kinavyomwita hadi leo.

Ni mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule, na mpango ulipoanza mwaka 1977 walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza ualimu hukohuko vijijini huku wameshika chaki. Watu wakawabeza, na wapo wanaowabeza mpaka sasa. Mimi nilikaa kwenye dawati mbele ya mmoja wao, na sijapata mwalimu wa hesabu aliyemzidi.

Watu humwita mwanaharakati. Ni kweli, ila harakati zake hazikuwa kazi ya pili baada ya kengele. Zilikuwa somo lilelile la hesabu, limetoka nje ya darasa.

Mnaotoka mlimani mnaijua mifongo. Kwa wageni: ni mifereji waliyochimba babu zetu kuteka maji ya mito huko juu na kuyashusha kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Kila mfongo una wenyewe, una zamu zake, na una siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuusafisha. Zamani mambo ya mfongo yalikuwa ya wanaume. Mwanamke aliyachota maji lakini kwenye kikao hakuwa na sauti. Mwalimu aliingia kwenye kikao hicho akiwa na daftari.

Ilikuwa hivi. Mfongo unaopita chini ya shule ulianza kupungua wakati wa kiangazi. Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na wengi walimlaumu jirani wa juu. Mwalimu akatutoa darasani. Tulichagua sehemu iliyonyooka, tukapima mita 10 kwa kamba, tukadondosha kipande cha gamba kavu la mgomba, na mmoja wetu akashika saa. Tulirudia mara tatu na kutafuta wastani. Kisha fito ikazamishwa kupima kina, na upana ukapimwa kwa rula ya ubao.

Tuseme gamba limekwenda mita 10 kwa sekunde 25, upana sentimita 50, kina sentimita 20. Mkizidisha mtapata lita 40 kwa sekunde. Lakini maji ya chini hujikokota kuliko ya juu, kwa hiyo alitufundisha kutoa moja ya tano: 32. Mtoto wa darasa la sita aliyeipata hiyo 32 kwa miguu yake mwenyewe majini hatasahau ujazo ni nini. Tulipima kila wiki, masika na kiangazi, na madarasa yaliyotufuata yakaendelea.

Daftari hilo ndilo alilolipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Hakumtaja jirani yeyote. Alisoma tarakimu, kisha akasoma kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kinachozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Akaomba watu waende na kamba. Kamba ilipofika mwisho, ilikuwa katikati ya mikaratusi ya watu wenye sauti kijijini. Alitukanwa, akaambiwa arudi kwenye chaki yake. Hakujibu matusi, mkutano uliofuata alikuja tena na kurasa mpya. Mikaratusi ilikatwa kidogo kidogo, na mahali pake ikapandwa mikuyu.

Maji hayajarudi kama ya enzi za babu. Wengi wetu tunadhani yanatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kumbe sehemu kubwa kabisa ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Msitu ukiguswa, mfongo unajua. Hili fundisheni, tafadhali, maana hata vitabu vingine hulipita juu juu.

Sasa nyumbani kwake. Kihamba chake ni kidogo, ila kimepangika: miringaringa na miruka juu, migomba chini yake, kahawa, kisha magimbi. Ng'ombe wawili ndani, wanakula majani ya migomba na kurudisha samadi. Watoto wake walifanyia hesabu zao jikoni, nasi wa jirani tulijibanza hapohapo. Jambo la nyumbani lililowashtua watu ni hili: mila yetu inampa kitinda mimba wa kiume nyumba ya wazazi, na binti anahesabiwa wa kuondoka. Yeye na mumewe waliita kikao cha ukoo, wakaandika wosia unaowapa mabinti sehemu yao, na wazee wakatia saini, wengine kwa shingo upande.

Baada ya hapo wajane walianza kuja kwake jioni. Shemeji anataka migomba, shemeji anataka kaburi la mume liwe mpaka. Mwalimu aliwasomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayompa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, aya kwa aya, mpaka mjane mwenyewe aweze kuieleza mbele ya baraza. Hakuwasemea. Aliwafundisha kusema.

Upimaji bado unaendelea pale shuleni, kila Alhamisi saa nne asubuhi, na mwaka huu wamepungukiwa na watu wa kuwasimamia watoto. Mnaokwenda mazoezi ya kufundisha, jiandikisheni kwangu hapo mlangoni. Njooni na mabuti, na saa yenye mshale wa sekunde.