Jinsi ya kuhesabu ndege mbuai wakati wanahama

Haya watu wangu karibuni tena, leo tunaingia kwenye kitu nakipenda sana, kuhesabu ndege mbuai wakiwa safarini, yaani tai, mwewe, kozi, vipanga, tumbusi na wenzao, wale wanaoikimbia baridi ya kaskazini kuanzia Agosti mwishoni hadi Novemba. Kuna namna ya kuwahesabu, na usipoifuata namba zako hazitamfaa mtu, kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya kwanza, pa kukaa. Hawa wenye mabawa mapana hawapigi mabawa safari nzima, wangechoka mapema, wanachofanya ni kutafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini, wanazunguka ndani yake mpaka juu kabisa alafu wanateleza mbele mabawa yametulia tuli, wakishuka wanatafuta nyingine. Sasa juu ya bahari hewa hiyo ni hafifu, ndo maana wengi wanaikwepa bahari na kubanana kwenye njia nyembamba za nchi kavu. Kule Batumi, Georgia, wanapita kati ya milima na Bahari Nyeusi, zaidi ya milioni moja kila msimu, na Veracruz, Meksiko, wanapita mamilioni. Si lazima ufike huko, tafuta kilima kinachoona mbali upande wanakotokea, inatosha.

Hatua ya pili, vifaa. Darubini ya kukuza mara 8 au 10, kofia, maji, kiti, daftari na penseli, na kaunta ya mkononi, ile ya kubonyeza kwa dole gumba. Na tafadhali sana, darubini isiguse jua hata sekunde moja, macho hayana spea.

Hatua ya tatu, kabla hujaona hata ndege mmoja andika tarehe, saa uliyoanza, upepo unatoka wapi, mawingu yakoje, na mko watu wangapi mnaotazama. Usiseme ntaandika baadaye, hutaandika.

Hatua ya nne, kutazama kwenyewe. Anza usawa wa upeo wa macho, sogeza darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia, ukifika mwisho panda juu kidogo urudi. Anga ikiwa bluu tupu jicho linakosa pa kushika, linajiweka karibu lenyewe bila wewe kujua na ndege wa mbali wanakupita hivi hivi, kwa hiyo kila baada ya muda shika fokasi kwenye wingu au mlima wa mbali kwanza, ndo urudi angani. Mi napenda siku yenye mawingu meupe meupe, kidoa cheusi kinaonekana mara moja.

Hatua ya tano, kumjua nani ni nani. Wakiwa mbali sahau rangi, angalia umbo. Mabawa yaliyochongoka, kozi. Mabawa mafupi ya duara na mkia mrefu, anapiga piga mara kadhaa alafu anateleza, huyo kipanga. Mabawa yamenyooka kama ubao na ndege mwenyewe hayumbi, fikiria tai.

Sasa hatua ya sita, hapa naomba utulie kabisa. Utaona kundi linazunguka, wengine juu wengine chini, wanapishana kama maji yanayochemka, na mkono utakuwasha uanze kuhesabu. Usihesabu! Wakiwa wanazunguka huwezi kujua nani umeshamhesabu. Subiri. Kule juu mmoja atanyoosha mabawa na kuondoka, wa pili nyuma yake, wa tatu, mpaka inakuwa mstari mrefu unaoteleza upande mmoja. Hapo chagua alama isiyosogea, ncha ya mti au nguzo, na kila anayeivuka bonyeza. Siku moja kundi likiwa bado linazunguka nilikadiria 60, walipojipanga kutoka nikabonyeza mara 113, tangu siku hiyo makadirio ya kundi linalozunguka siyaamini tena. Wakiwa wengi mno hesabu kumi, ushike ukubwa wa hiyo kumi kwa jicho, alafu uende kwa makumi. Mkiwa wawili, mmoja atazame na kutamka, mwingine aandike, ukiinamia daftari kila mara watakupita. Na anayerudi alikotoka, mtoe kwenye hesabu.

Hatua ya saba, ukiweza andika umri, mtu mzima au kinda wa mwaka huo. Watu wengi wanairuka hii na inaniuma, maana Hawk Mountain, mlima wa kuhesabia ndege mbuai jimboni Pennsylvania, Marekani, ambako wamehesabu tangu 1934, ni kuandika umri ndiko kulikoonyesha kuna tatizo. Tai wenye kichwa cheupe waliendelea kupita ila makinda yakazidi kuadimika, mwaka 1957 alionekana kinda mmoja kwa kila wakubwa 32. Jumla peke yake isingeonyesha hivyo. Rachel Carson, mwandishi na mwanabiolojia wa Marekani, alizitumia hesabu hizo mwaka 1962 alipokuwa anaonya watu kuhusu sumu za kuua wadudu, kwamba zinawadhuru na ndege pia.

Hatua ya nane, kila saa ikiisha funga mstari, andika namba ya saa hiyo kwa kila aina, rudisha kaunta kwenye sifuri. Uliyemwona lakini hukumtambua aingie kama "hajulikani", usimpe jina kwa kubahatisha hata kama mwenzako anakusukuma, na saa ambayo hakupita yeyote andika 0, usiache wazi, kwa sababu nafasi wazi atakayeisoma hatajua kama ndege hawakuwepo au wewe ndo hukuwepo.

Jioni jumlisha ukiwa bado pale pale kilimani, piga picha ukurasa wote, alafu ndo ukunje kiti.