Simuleta ya Pakiti Ndani ya SimGrid

Tuanze na hesabu, ndugu zangu. Tuma faili la gigabaiti moja kwa TCP, utaratibu wa kutuma data unaohakikisha kila pakiti imefika, kwenye mtandao wa waya wa kawaida: kila pakiti inabeba baiti 1,460 za data, kwa hiyo zinatoka pakiti zipatazo 685,000, na majibu ya kuthibitisha kwamba zimefika bado hujayahesabu. Simuleta ya ns-3, programu inayoiga mtandao pakiti kwa pakiti, inaifuatilia kila moja, rauta kwa rauta. SimGrid, simuleta ya mifumo mikubwa ya kompyuta nyingi, kwa kawaida haina habari na pakiti. Inaona mitiririko tu, inaigawia kasi ya laini, inakokotoa kila mmoja utaisha lini. Ndiyo maana kompyuta mpakato moja inaiga maelfu ya seva.

Sasa wepesi huo tuuache kwa nini? Kwa sababu TCP haianzi kwa kasi kamili. Chukua ujumbe wa kilobaiti 100, yaani pakiti 70 hivi, kwenye laini ya gigabiti moja, kwenda na kurudi milisekunde 200. TCP inatuma kumi, inasubiri majibu, ishirini, inasubiri tena, ndipo arobaini. Nusu sekunde imekwenda, na kufungua muunganisho kwenyewe sijakutia. Hesabu ya mtiririko mtupu ingekupa milisekunde 101.

Modeli ya LV08, ya mitiririko ndani ya SimGrid, inajaribu kuziba pengo hilo kwa kuzidisha ucheleweshaji kwa 13.01 na kasi kwa 0.97. Marekebisho ya aina hiyo hayakuokotwa njiani: watafiti Velho na Legrand, katika kazi yao ya 2009, waliipima modeli kwa kuilinganisha na GTNetS, simuleta ya pakiti.

Ukitaka pakiti zenyewe, unaweza kuitumia ns-3 ndani ya SimGrid. Kuiwasha ni kuweka `network/model:ns-3` tu, mradi SimGrid yako imejengwa nayo. Kazi iko kwenye kulinganisha saa za simuleta hizo mbili. Kila hatua SimGrid huiuliza kila modeli: tukio lako lijalo ni lini? Modeli ya CPU inajibu papo hapo. ns-3 haiwezi kujibu mpaka iziendeshe pakiti, na ikishaziendesha hairudi nyuma. Basi wengine wanaulizwa kwanza. CPU ikisema sekunde 3.2, ns-3 inaachiwa iende hadi hapo, isimame mapema endapo ujumbe utafika kabla.

Mimi naitumia ns-3 kama rula: jukwaa dogo, ujumbe mfupi mfupi, nalinganisha na LV08, kisha majaribio makubwa narudi kwenye mitiririko. Ila angalieni njia mnazoandika kwenye faili la jukwaa, yaani faili linaloeleza kompyuta na laini zinazoigwa. Zile za laini zaidi ya moja ns-3 inazipuuza na kujitafutia fupi zaidi, kwa hiyo mnaweza kujikuta mnalinganisha mitandao miwili tofauti.