Ukiandika “I doubt” ujue umeshamtetea mwizi

Haya tuanze, wale wa nyuma songeni mbele viti viko, siwezi kushindana na hiyo feni. Mmeniita hapa Kisumu niongee na nyinyi mnaoripoti kesi kwa redio na magazeti kuhusu Kiingereza cha kortini, na wanaonijua washajua naanzia wapi, doubt na suspect. Nimelisema hili miaka mingi na nitalisema tena.

Kuna chama kimoja cha akina mama wanaouza soko la Kibuye, sitakitaja jina. Pesa za mzunguko zikapotea, karatasi za benki hazilingani na daftari, na mweka hazina ameanza kutoshika simu. Wakakaa wakakubaliana waandikie chifu, na si mnajua barua ya ofisi watu wanaona lazima iwe Kiingereza, basi wakampa kijana aliyemaliza form four. Akaandika vizuri kabisa, tarehe iko, anwani iko, kichwa cha barua kimepigwa mstari na rula, alafu sentensi ya kwanza: “We doubt that our treasurer has taken the money.” Akina mama wakatia sahihi mmoja mmoja, wengine kidole gumba. Sasa hebu isome vile mtu wa ofisi anaisoma. Inasema hatuamini kwamba mweka hazina wetu amechukua pesa. Wamemtetea! Wameenda kumshtaki na karatasi yao wenyewe inasema hana makosa. Karani akasoma akawauliza, sasa mama zangu, kama sio yeye mnataka tumwite nani? Wakaanza kujieleza kwa mdomo, kwa Dholuo, kwa Kiswahili, wote pamoja, na barua iko pale mezani inawapinga. Na yule mweka hazina alipoitwa kitu cha kwanza aliomba kopi ya hiyo barua, akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, na kila akiulizwa pesa anaitoa.

Mimi simlaumu yule kijana. Kichwani alikuwa anasema “tuna shaka na mweka hazina”, na kwa Kiswahili hiyo imekaa sawa, ukisema una shaka na mtu kila mtu ameelewa unamuona vibaya. Shaka na shuku zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu, ni ndugu wa tumbo moja, tunazipishanisha kila siku na hakuna mtu anaumia. Lakini Kiingereza cha leo kimezitenga kabisa. Suspect, unaelekea kuamini jambo ni kweli ila hujapata ushahidi. Doubt, unaelekea kuamini sio kweli. “I suspect he took it”, naona kama alichukua. “I doubt he took it”, sidhani alichukua. Hiyo sidhani ishikeni jameni, kabla uandike doubt jaribu kuweka sidhani mahali pake, ikikataa kuingia basi ulikuwa unataka suspect.

Najua kuna mmoja hapa amesoma sana na anangoja kuniambia eti mwalimu, Waskoti wakisema wana doubt mvua itanyesha wanamaanisha itanyesha. Ni kweli. Hata Shakespeare kwa Hamlet ametumia doubt kwa maana ya kushuku, na zamani zaidi hilo neno lilikuwa linabeba na maana ya kuogopa, na India mwanafunzi akisema ana doubt ana swali tu anataka kuuliza. Sawa, nakubali yote hayo. Lakini karani wa chifu hakusoma ile barua kama Mskoti, na hakimu pia hatasoma hivyo, kwa hivyo usinitolee Shakespeare kwa barua ya pesa za chama.

Na mbona nawaandama hivi? Manake kortini haya maneno mawili ndio yanaamua mtu analala wapi. Polisi hahitaji kuwa na uhakika ndio akushike, sheria yetu inamruhusu kukushika bila waranti akikushuku kwa sababu za maana. Hiyo ni suspicion. Alafu Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, labda tu kama zimeishia saa ambazo korti imefungwa, na kifungu cha 50 kinasema utahesabiwa huna hatia mpaka ithibitishwe. Na upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mpaka kusibaki shaka ya maana, yaani beyond reasonable doubt. Kwa hivyo kushukiwa kwa sababu ya maana kunatosha kukushikisha, na shaka ya maana inatosha kukuachilia. Mkichanganya hapo mmemfunga mtu ambaye korti imemwachilia.

Mawakili wanaijua kesi ya Uingereza ya 1935, Woolmington. Kijana wa kazi za shamba, bibi yake amemtoroka akarudi kwa mama yake, akamfuata huko na bunduki na yule bibi akapigwa risasi akafa. Yeye akasema alitaka tu kumtisha kwamba atajiua, bunduki ikafyatuka. Jaji akaambia jury, yaani lile baraza la raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kwamba kwa vile kijana ameshaua, ni kazi yake kuonyesha ilikuwa ajali, akahukumiwa kunyongwa. Kesi ikafika House of Lords, ndio ilikuwa korti yao ya juu kabisa wakati huo, na Lord Sankey akakataa kabisa, akasema kuthibitisha hatia ni mzigo wa mashtaka, na shaka ya maana ikibaki mshtakiwa aachiliwe. Akatoka. Sasa nyinyi hakimu anasema “I have doubts” alafu mnaandika eti hakimu alimshuku mshtakiwa! Hapo hakimu anaelekea kumwachilia. Na ile ya aya ya kwanza mshukiwa, aya ya tatu ameshakuwa mwizi, hiyo pia muache, inaniuma sana.

Muda unaisha, zingine mbio mbio. Incredible ni habari isiyoaminika, incredulous ni mtu asiyeiamini, shahidi hawezi kuwa na sura incredible kwa sababu eti alishangaa. Sceptical imetoka kwa neno la Kigiriki la kuangalia, kuchunguza, huyo hajakataa, anataka aone hesabu kwanza. Disbelief ni kukataa. Ndio maana mimi hata jina la doubting Thomas naona halikumfaa, someni Yohana 20, Tomaso alisema asipoona alama za misumari na kutia kidole hataamini kabisa, huyo alikuwa ameshakataa, na Biblia yetu ya Kiswahili inamwambia wazi asiwe asiyeamini. Distrust na mistrust tutaziacha, zile zinataka siku yao.

Maswali sasa. Wewe dada wa korti ya Winam, ulikuwa umeinua mkono tangu pale kwa Waskoti, simama uongee kwa sauti.