Utando mweupe mdomoni: mazungumzo ya asubuhi mwaloni Kirumba

Ndugu zangu wa mwaloni, akina mama wa dagaa, na ninyi vijana mliokesha ziwani, mwangaluka.

Swali lenu tumelisikia: mtu ameamka, kajitazama kwenye kioo, ulimi mweupe kama umepakwa mtindi. Je, ni ugonjwa wa zinaa?

Huo mara nyingi ni fangasi anayeitwa kandida. Anaishi vinywani mwa watu wengi wenye afya, akibanwa na kinga ya mwili na bakteria wa kinywani. Kwa kawaida hukumpata kwa uliyelala naye juzi. Ulikuwa naye siku zote. Kilicholegea ni ulinzi.

Na hofu yenyewe inaweza kumwamsha. Kijana ametoka kambini, amelala na mtu bila kondomu, moyo haujatulia. Anaingia duka la dawa, ananunua antibayotiki bila kupimwa, anameza wiki nzima. Dawa inaua bakteria waliokuwa wakimbana kandida, yeye haimgusi. Siku chache baadaye ulimi unageuka mweupe, na kijana anaamini kwamba UKIMWI ndio huo. Kumbe kwa kawaida VVU huchukua miaka kuishusha kinga kiasi hicho. Inatuuma sana kuona mtu akiteseka hivyo kwa dawa aliyojinunulia.

Jichunguze hivi. Nawa mikono, simama penye mwanga, zungushia kidole kitambaa safi, futa taratibu. Utando wa kandida hubanduka, na chini yake pana wekundu, pengine na damu kidogo. Usiobanduka, hasa ubavuni mwa ulimi, upeleke ukaangaliwe. Kidonda kigumu kisichouma mdomoni kinaweza kuwa kaswende: kitapona chenyewe, ugonjwa ubaki mwilini. Kisonono cha kooni nacho mara nyingi hakina dalili yoyote. Kioo hakipimi magonjwa ya zinaa.

Wengine wanaopata utando huu ni watoto wachanga, wenye kisukari, wanaolala na meno ya bandia, na wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi. Hao wa pumu wasukutue kwa maji kila wakishavuta.

Tiba ya kawaida ni nistatini ya maji. Mtu mzima hutumia mililita 4 hadi 6, mara nne kwa siku, kwa siku 7 hadi 14. Tikisa chupa, weka nusu ya dozi kila upande wa kinywa, izungushe kwa muda mrefu uwezavyo, ndipo umeze. Wengi huigugumia kama dawa ya kikohozi, halafu wanalalamika haifanyi kazi. Dawa hii huua kwa kugusa; karibu yote haifyonzwi tumboni. Utando ukiisha, endelea siku mbili zaidi. Ikishindikana, daktari ataandika flukonazoli, ila mjamzito asijinunulie, na anayetumia dawa nyingine azitaje.

Chakula kikiuma au kukwama kifuani unapomeza, huenda fangasi ameshuka kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu mzima aliyepata utando bila antibayotiki, bila pumu, bila kisukari, apime VVU. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya, kwa hiyo arudie siku 90 baada ya tukio, yaani siku aliyolala na mtu bila kondomu.

Na kama tukio ni la juzi, usikae kuutazama ulimi. Ndani ya saa 72 kuna dawa za kuzuia VVU, PEP, zinazomezwa siku 28, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyokinga vizuri. Saa 72 ni siku tatu tu. Wavuvi wa dagaa mmezoea kungoja mbalamwezi ndipo mrudi Mwanza. Kwa hili msingoje. Kama kisiwani hakuna zahanati, panda mtumbwi wa kwanza unaoleta samaki mjini.